Kisu cha kupunguza unene: umwambie nani, umfiche nani?

Ziko barua ambazo haziwezi kujibiwa kwa aya mbili. Moja ya hizo imetufikia kutoka Kibomet, mjini Kitale. Mwandishi wake ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto 3, mwenye umri wa miaka 36. Urefu wake ni mita 1.60 na uzito wake kilo 128. Ana kisukari, magoti yanamsumbua, na usiku hukoroma hadi watoto wa chumba cha pili wakaamka. Mumewe anafanya kazi Bungoma na huja nyumbani mwishoni mwa juma. Mama mkwe yuko Kimilili. Dada yake aliye Nairobi amejitolea kulipa sehemu ya gharama ili afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo.

"Daktari nimemwona na tarehe ya vipimo ninayo," anaandika. "Kinachoninyima usingizi si kisu. Ni watu. Nimwambie nani, na nani asijue?"

Jina lake tunalihifadhi, kama alivyotuomba. Lakini swali lake si la mtu mmoja. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 45 kati ya kila 100 Wakenya wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au wamenenepa kupindukia. Kwa wanaume wa umri huo ni 19 kati ya 100. Bila shaka si wote wanaohitaji kisu. Hata hivyo, wale wanaokihitaji wataongezeka, na kila mmoja wao atafika penye njia panda aliyofika mwalimu wetu.

Kwetu mwili una lugha yake

Hebu tuanze na kuelewa hofu yake. Magharibi mwa Kenya, kama kwingineko nchini, mwili mnene umesemwa kwa miaka mingi kuwa ushahidi wa nyumba iliyoshiba. Mke akinawiri, mume husifiwa. Mke akikonda, maswali huanza: je, analishwa? Wana amani? Au kuna jambo?

Jambo hilo nalo lina historia. Mwaka 1985, madaktari walioandika kuhusu ugonjwa mpya wilayani Rakai, nchini Uganda, waliutaja kwa jina ambalo wanakijiji wenyewe walikuwa wameupa, yaani "Slim", kwa sababu uliwakausha watu. Ugonjwa huo ulikuwa Ukimwi. Waliokulia pande hizi za mpaka miaka ya 1990 wanakumbuka jinsi mtu aliyepungua kilo chache alivyotazamwa sokoni. Leo dawa zipo na wenye virusi wanaishi miaka mingi wakiwa na afya na miili yao, lakini jicho lile la zamani halijafumba. Mwanamke akipoteza kilo 35 kwa mwaka mmoja katika mtaa ambao kila mtu anamjua, watu hawatanyamaza. Asipowapa habari, watajitungia.

Ndiyo maana si haki kumwambia mwalimu huyu apuuze maneno ya watu. Watu hao ndio anaoishi nao. Lakini pia si haki kumwambia atangaze. Kabla ya kuamua nani ajue, ni vizuri kufahamu kwanza ni kitu gani hasa kinachofichwa au kutangazwa.

Upasuaji huu ni upi?

Wengi huuchanganya na ule wa kunyonya mafuta chini ya ngozi. Huo ni wa umbo. Hautibu kisukari wala haukusudiwi kumtoa mtu katika unene wa kupindukia. Tena haufai kuchukuliwa kama mzaha. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa aina hiyo jijini Nairobi, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, likaamuru kituo kilichohusika kifungwe.

Upasuaji anaoulizia mwalimu ni wa tumbo lenyewe. Njia mbili ndizo maarufu zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, akabakisha sehemu nyembamba yenye umbo la ndizi. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mdogo, chakula kikawa kinapita njia ya mkato. Mara nyingi kazi yote hufanywa kupitia matundu madogo, kwa msaada wa kamera. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila imekuwa pia ikitumia puto linalowekwa tumboni kwa miezi kadhaa bila kukata chochote, kisha likatolewa. Siku hizi zipo vilevile sindano za kupunguza hamu ya chakula. Muulize daktari wako ni ipi inayokufaa kabla ya kuamua kwamba ni kisu.

Nani anastahili? Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita mara urefu huo huo. Kwa mwalimu wetu, 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 128 ukigawanya kwa 2.56 unapata 50. Kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 1991 ilitaka mtu awe na 40 au zaidi, au 35 ikiwa ana maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama viwili vya wapasuaji, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilishusha kiwango hadi 35 hata bila maradhi, na kuruhusu wenye kisukari wafikiriwe kuanzia 30. Kwa vyovyote vile, mwalimu huyu hafuati urembo. Anatafuta tiba.

Matokeo je? Kwa kawaida mtu hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake, sehemu kubwa katika mwaka mmoja au mmoja na nusu wa kwanza. Katika vituo vyenye uzoefu, wanaofariki ndani ya siku 30 ni takriban mtu 1 kati ya 1,000. Si wengi, lakini si sufuri. Wala kisu si dawa ya milele. Mwanasoka Diego Maradona alifanyiwa upasuaji huu mjini Cartagena, Colombia, mwaka 2005, dunia nzima ikamwona akipungua. Mwaka 2015 alirudi tena mezani, safari hii nchini Venezuela.

Matayarisho kabla ya siku yenyewe

Kwanza, hakikisha daktari na hospitali wamesajiliwa. KMPDC ina orodha ambayo mwananchi yeyote anaweza kuipekua. Muulize daktari bila haya: umewafanyia wangapi, nani atanifuatilia baadaye, na nikipata shida usiku nimpigie nani? Daktari anayeudhika kwa maswali hayo si wa kukukata.

Pili, vipimo. Damu, sukari, moyo, tumbo kwa kamera, na usingizi. Mkoromo wa mwalimu wetu si jambo la kuchekesha. Unaweza kuwa ishara kwamba pumzi yake hukatika usiku, na mtoa nusukaputi lazima ajue. Utaonana pia na mshauri wa lishe na mshauri wa kisaikolojia. Huyu wa pili hatafuti wazimu. Anataka kujua kama unakula kwa njaa au kwa huzuni, maana kisu hukata tumbo, hakikati huzuni.

Tatu, chakula cha kabla. Wengi huagizwa kula kidogo sana, bila wanga mwingi, kwa muda wa wiki mbili hivi. Sababu ni ini. Ini lenye mafuta huvimba na kumzuia daktari kuliona tumbo. Kwa mtu wa Kitale, mji uliozungukwa na mashamba ya mahindi, wiki mbili bila ugali wa kutosha ni mtihani. Jizoeze mapema: sahani ndogo, kutafuna polepole, kutokunywa maji pamoja na chakula. Anayevuta sigara aache wiki kadhaa kabla.

Nne, hesabu ya maisha ya baadaye. Utaanza na vinywaji, uendelee na vyakula vilivyosagwa, kisha laini, na baada ya wiki kadhaa chakula cha kawaida kwa vipimo vidogo. Protini huja kwanza: mayai, samaki, maharagwe, maziwa. Wataalamu hutaka angalau gramu 60 kwa siku, na yai moja lina takriban gramu 6 tu. Vitamini na madini, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, ni za maisha yote, na zina bei. Nywele zaweza kupukutika kwa muda. Pombe hupanda kichwani haraka kuliko zamani. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na hapa akina mama wawe macho: uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba huongezeka, na vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi vizuri baada ya njia ile ya mkato. Zungumza na daktari kuhusu njia nyingine.

Tano, tarehe. Mwalimu atavutiwa na likizo ya Agosti. Lakini kwa Wabukusu, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa 2 ni msimu wa tohara, na hakuna boma lisilo na sherehe. Likizo ya Novemba na Desemba ni ndefu zaidi, ila akichelewa kidogo atakutana na Krismasi ya Kimilili akiwa bado anakunywa supu kwa kijiko. Aanze mapema Novemba, ikiwezekana. Akifanyiwa Nairobi, asipande gari la Kitale kesho yake. Akae karibu na hospitali siku ambazo daktari atasema, na njiani ashuke kila baada ya muda atembee, kwa sababu kukaa saa nyingi baada ya upasuaji kunaweza kugandisha damu miguuni.

Sasa, nani ajue?

Ningependekeza mwalimu wetu achukue karatasi aandike majina ya watu wake, kisha awagawe katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni wale ambao lazima wajue. Hospitali ya Kitale atakayokimbizwa akizidiwa ni mmoja wao. Mtu aliyepunguzwa tumbo akitapika mfululizo anaweza kuishiwa na vitamini B1 kwa wiki chache tu, na ubongo na neva zikadhurika. Daktari asiyejua habari hiyo atamtundikia maji ya sukari bila vitamini hiyo na kuzidisha madhara. Dawa za maumivu za kawaida, kama ibuprofen na diclofenac, zaweza kumletea vidonda, hasa baada ya njia ya mkato. Dawa za kisukari nazo lazima zipimwe upya, kwani sukari huweza kushuka siku za mwanzoni kabisa. Kwa hiyo muuguzi, daktari na mwenye duka la dawa wote waambiwe, hata miaka 10 baadaye. Sheria ya Afya ya 2017 inawabana watunze siri ya mgonjwa. Katika kundi hili pia awemo angalau mtu mzima mmoja anayelala nyumba moja naye na anayejua dalili za hatari: homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kukosa pumzi, mguu kuvimba, kushindwa kushikilia hata maji. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua.

Kundi la pili ni wenye haki ya kujua. Hapa namweka mume. Sheria haimtaki mwalimu apate ruhusa yake. Mtu mzima mwenye akili timamu hujitolea idhini mwenyewe. Lakini mume ndiye atakayelala karibu na mkoromo uliokoma, atakayekubaliana naye kuhusu uzazi, na atakayebeba jerikeni ambalo mkewe amekatazwa kulibeba. Kumficha ni kumfanya mgeni katika nyumba yake. Asimwambie kwa simu akiwa kazini Bungoma. Angoje aje nyumbani, watoto wakishalala, na aanze na kisukari na magoti kabla ya kufika kwenye kisu. Ikiwezekana waende pamoja kwa daktari, kwa maana mambo mengine mume huyasikia vizuri zaidi yakisemwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Naongeza neno moja. Ikiwa yupo msomaji ambaye mumewe atampiga au kumfungia akisikia, huyo nasaha hii haimhusu. Amchague dada, rafiki au mama yake mzazi awe yule mtu mzima wa kundi la kwanza.

Wenye haki pia ni wale wanaotoa pesa. Upasuaji huu katika hospitali za kibinafsi hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na wengi wetu tukipungukiwa hukimbilia harambee na kundi la WhatsApp. Ukichangisha, sema unachochangia. Nimesikia ushauri kwamba mtu aseme ni "uvimbe" au "vijiwe vya nyongo" ili watu wamwonee huruma. Hapana. Pesa iliyotolewa kwa uongo ni deni, na siku ukweli utakapojulikana hata mgonjwa wa kweli wa mtaa huo hataaminiwa. Usipotaka watu wajue, usiwachangishe. Subiri, weka akiba, mwombe dada peke yake.

Kundi la tatu ni la hiari. Mama mkwe wa Kimilili yumo humu, naye ni mgumu kuliko wote. Mkaza mwana akifika kwake, atachinjiwa kuku. Akila vijiko vitatu na kusukuma sahani, mama hatafikiria tumbo dogo. Atafikiria dharau, au atajiuliza kama anashukiwa uchawi. Huyu ni heri aambiwe, na mwenye kumwambia ni mwanawe. Maneno machache yatosha: "Mama, daktari amemtibu tumbo kwa ajili ya kisukari, atakula kidogo kidogo, usione vibaya." Huo ni ukweli, nao unalinda heshima ya pande zote mbili. Watoto nao waelezwe kwa kadiri ya umri wao, la sivyo wataona mama hali na kudhani anakufa.

Mwajiri vilevile. Mkuu wa shule anahitaji kujua utakosa kazi siku ngapi, hahitaji kujua umekatwa wapi. Cheti cha daktari ndicho kinachosema. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka, na walimu wa TSC wana taratibu zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti.

Kundi la nne ni wale wasiohusika: jirani wa mkabala, wanachama wa chama, waumini wa benchi la nyuma. Hawa hawadai chochote. Lakini kuna tofauti kati ya kunyamaza na kudanganya. "Nilikuwa na shida ya kiafya, nikatibiwa, sasa naendelea vyema" ni jibu kamili, na mtu akizidi kuuliza unaweza kulirudia kwa tabasamu. Usiseme ni maji ya limau na tangawizi. Mtaani humo yuko mwanamke mwingine wa kilo 120 anayekusikiliza. Atakunywa limau miezi 6, asipungue, ajione mzembe.

Wapo waliowahi kujaribu kufunika jambo hili. Chris Christie, aliyekuwa gavana wa New Jersey, Marekani, alifungwa mkanda wa tumbo Februari 2013 baada ya kujiandikisha kwa jina lisilo lake. Kufikia Mei ilimbidi aeleze. Mtangazaji wa televisheni Star Jones, wa huko huko, alikatwa mwaka 2003 na hakukiri hadi 2007, huku watazamaji wakimwona akipungua kila asubuhi. Ikiwa walioshindwa kuficha ni watu wenye walinzi na wasemaji, basi mwalimu anayekwenda kazini kwa miguu asijisumbue kujenga uongo mkubwa. Ukweli mfupi ni mwepesi kuubeba.

Jambo la mwisho, mwalimu. Ukishawaambia wanaostahili, chukua kikaratasi uandike jina lako, aina ya upasuaji, tarehe, dawa usizopaswa kupewa na simu ya daktari. Kitie kwenye pochi pamoja na kitambulisho chako, na nakala umpe mumeo. Siku utakapokuwa huwezi kusema, kikaratasi hicho kitakusemea, na kitamwambia yule tu anayehitaji kujua.

Tukutane Jumapili ijayo.